Kwa Nini Pilipili Haina Kinyongo

Tanguliza mchele, pilipili haina kinyongo.

Neno hili mmelisikia leo zahanati, pale muuguzi alipomwomba yule bwana mnene aliyekuja kupimwa macho ampishe mama mwenye kichanga, na yule bwana akasogea huku akicheka. Mmerudi nyumbani mnauliza: mchele gani, na pilipili imeingiaje kwenye foleni ya wagonjwa? Mmeuliza vizuri. Wengi hulitumia neno hili kama mtu anayevaa kanzu ya kurithi asijue ilishonwa na nani. Basi kaeni vizuri, na wewe mdogo sogea karibu usikie. Methali hii ina kwao, na kwao ni kwenye mashine ya kusaga ya Singano, pale Kwemzigo, chini ya milima ya Usambara. Ilianza hivi.

Singano alirithi mashine kutoka kwa baba yake, na pamoja na mashine akarithi sheria. Sheria yenyewe ilikuwa moja tu: anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kusagiwa. Haikujali mkubwa wala mdogo, ndugu wala mgeni. Kuna siku shemeji yake alijaribu kupenyeza ndoo yake mbele ya wengine, Singano akairudisha nyuma kwa mkono wake mwenyewe, watu wakiona. Mwanamvua, mkewe, alimnunia siku nyingi kwa jambo hilo, lakini Kwemzigo yote ikasema, "Singano ni mtu wa haki." Naye aliipenda sifa hiyo. Mali hakuwa nayo nyingi, watoto hakujaliwa. Hiyo sifa ndiyo aliyokuwa akiivaa akitoka nyumbani.

Sasa, watu wa bondeni kwao ni mpunga, mahindi na ulezi. Watu wa mlimani kwao ni viungo: pilipili manga, mdalasini, binzari. Wote hao walikuwa na mashine moja, ya Singano. Na viungo mnavijua. Pilipili manga ikipita kwenye mashine, haiondoki hata kama gunia limeondoka. Inabaki kwenye chekeche, inabaki kwenye kuta za ndani, na nafaka itakayofuata itatoka na ukali. Kwa hiyo kila baada ya pilipili, Singano alilazimika kuzima injini, kusubiri chuma kipoe, kufungua mfuniko, kupiga brashi, kufuta, kisha kupitisha makapi ya mahindi ili yaondoke na harufu. Ndipo asage mchele wa mtu. Akija mwenye binzari, ni yaleyale tena, maana hakuna anayetaka ugali wa manjano.

Na aliyekuwa akifika mapema kuliko wote ni Mbelwa, mfanyabiashara wa viungo, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha majogoo. Alinunua pilipili mlimani, akaileta isagwe, akaipeleka kuuza mijini. Kabla adhana ya alfajiri haijaisha, magunia yake yalikuwa yameshapangwa mlangoni. Kwa hiyo kila kukicha mashine ilianza na pilipili, na siku nzima ikawa ni kusaga kidogo na kusafisha kwingi. Akina mama walifika na umande, wakaondoka jua likizama. Wengine waliondoka bila unga, wakalala na watoto wao kwa chai kavu. Singano alidhani dawa yake ni bidii. Akaacha kula mchana. Akanunua mkanda mpya wa injini. Foleni haikupungua hata kidogo.

Ng'ambo ya mto aliishi kikongwe mmoja, Bi Nakijwa. Binti yake alifariki mara baada ya kujifungua, akamwachia mjukuu wa kike aliyeitwa Mwanaheri. Kikongwe na kichanga, ndiyo nyumba nzima. Mtoto alikua kwa maziwa ya mbuzi hadi alipofikia umri wa kuanza kula, na muuguzi akamwambia bibi yake, "Mwanzishie uji wa mchele, mwepesi, usichanganye na kitu." Nakijwa akapeta mchele wake, akauosha, akauanika, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akavuka mto.

Ilikuwa siku ya gulio. Uwanja ulijaa, na hewa ilikuwa ikiwasha pua hata watu wakawa wanapokezana chafya. Nakijwa akaweka furushi lake kwenye mstari, akakaa chini, hakusukumana na mtu. Jua lilipanda, likasimama utosini, likaanza kushuka. Zamu yake ilipofika, mashine ilikuwa imetoka kusaga pilipili ya mtu wa mlimani, na nyuma yake watu walikuwa wamechoka hata adabu imewaishia.

"Singano, unapiga brashi au unapaka nyumba rangi?" mmoja akapaza sauti.

"Watoto wetu walale njaa kwa sababu ya kifurushi kimoja!" mwingine akadakia.

Singano akapiga brashi harakaharaka, akafuta kwa kitambaa, na yale makapi ya kusuuzia hakuyapitisha. Alijiambia mchele wenyewe ni kidogo, na kikongwe huyu amechoka, afadhali aende zake. Akausaga. Unga ukatoka mweupe kama pamba, na Nakijwa akaupokea kwa mikono miwili, akamwombea baraka.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja Nakijwa akarudi, na safari hii hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja hadi mlangoni pa mashine, akakifungua kile kitambaa cheupe.

"Bibi, foleni inaanzia kule," Singano akamwambia kwa upole.

"Sikuja kusaga, mwanangu. Nimekuja uonje."

Singano akachovya kidole kwenye unga, akalamba. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha ncha ya ulimi ikaanza kuwaka, polepole, ukali ukateremka hadi kooni.

"Mimi ulimi wangu umezeeka, sikusikia," Nakijwa akasema. "Niliuonja uji nikauona mtamu. Nikampa mtoto, akalia hata sauti ikamkauka. Nikadhani ni tumbo. Asubuhi yake nikampa tena." Akautazama mkono wake. "Nilimpa tena, mwanangu, kwa mkono wangu huu. Sasa akiona kijiko tu anafumba mdomo. Na mbuzi amekauka maziwa. Mtoto amenyong'onyea, shingo haimshiki."

"Bibi, nisamehe."

"Sikuja kukugombeza. Wewe ulinisagia kwa zamu yangu, kama kila mtu. Nimekuja kwa kuwa sijui niende kwa nani."

Yale maneno, kwa zamu yangu, kama kila mtu, yalimchoma Singano kuliko pilipili. Aliyasikia yakizunguka kichwani kama injini. Haki yake yote, ile aliyoivaa miaka na miaka, ilikuwa imemuunguza mtoto ulimi, na hakuna mtu ambaye angeweza kusema amekosea.

Akazima mashine. Watu wakapiga kelele. Yeye alifungua mfuniko, akatoa chekeche akaliosha na kulianika juani, akasugua kila pembe, akapitisha makapi, akayaonja, akapitisha mengine, akayaonja tena. Kisha akaingia nyumbani kwake akachota mchele wa chakula chao, akausaga, akaufunga. Mwanamvua akabaki uwanjani kupokea matusi ya watu kwa niaba yake, naye akavuka mto akimfuata Nakijwa.

Mwanaheri alikuwa amelazwa kwa jirani, wakamchukua. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu, macho makubwa, hana hata nguvu ya kulia. Nakijwa akabandika sufuria, akakoroga uji, akaupoza kwa kuumimina huku na huku. Kisha akampakata mtoto na kukileta kijiko.

Mdomo ukafumbwa. Kichwa kikageukia upande wa pili.

"Mwanaheri, mama yangu, mwanangu, kula," Nakijwa akambembeleza. "Huu hauna kitu. Wallahi hauna kitu." Akakisogeza kijiko tena. Uji ukateremka kidevuni kwa mtoto, naye hakuulamba.

Singano akakichukua kijiko. Hakujua afanye nini, akakitia kinywani mwake mwenyewe, akasema, "Mmh! Mtamu!" Mtoto akageuka kumtazama. Na hapo mkumbuke kwamba Singano alikuwa ametoka kwenye mashine hata uso hajanawa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, masikio meupe, ndevu nyeupe kama za babu wa kale. Mwanaheri akazitazama zile nyusi. Akanyoosha mkono. Singano akainama, na kile kiganja kidogo kikaukamata unyusi na kuuvuta. Unga ukamwagika, ukamwingia Singano puani, akapiga chafya moja kubwa hata kuku waliokuwa mlangoni wakatimka.

Mtoto akacheka. Na mdomo ulipofunguka kwa kicheko, Nakijwa akatelezesha kijiko ndani.

Kicheko kikakatika. Mwanaheri akatulia, ulimi ukiupima ule uji, na wakubwa wale wawili wakimtazama. Akameza. Akakitazama kijiko. Kisha akafungua mdomo mwenyewe.

Singano, mtu mzima, akageukia ukutani akajifanya anafuta unga usoni.

Mtoto alipokwisha kushiba na kulala, Nakijwa akasema mgeni haondoki na njaa. Akaumimina uji uliobaki kwenye bakuli, na sufuria ileile, bila kuiosha, akairudisha motoni. Akatia dagaa, nyanya, kitunguu, na pilipili mbuzi ya kutosha.

"Bibi, sufuria huioshi kwanza?" Singano akauliza.

"Ya nini? Maji nayateka mtoni, na magoti yangu ndiyo haya. Nina sufuria moja. Mwanaheri anatangulia, mimi nafuata. Uji ukitangulia, mchuzi wangu unadhurika nini? Lakini ningeanza na mchuzi, ningesugua hadi jioni, na mtoto angenisubiri analia."

Singano akainua kichwa. "Hebu sema tena, Bibi."

"Niseme nini, mwanangu? Nimesema nina sufuria moja."

"Na mimi nina mashine moja," akasema polepole, kama mtu anayeamka.

Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyapanga mambo kichwani. Asubuhi mchele wa watoto, kisha ulezi, kisha mahindi. Binzari na mdalasini vifuate. Pilipili iwe ya mwisho kabisa. Basi hakuna kinachomharibu mwenzake, na mashine itasafishwa mara moja tu, watu wakiwa wameshakwenda makwao. Alihesabu muda waliokuwa wakiupoteza watu kwa kusubiri brashi, akaona aibu. Lakini sheria ya baba yake je?

Alipofika akamweleza Mwanamvua, naye akamsikiliza hadi mwisho.

"Watu watasema umenunuliwa," akasema.

"Watasema."

"Na Mbelwa ataondoka. Magunia yake ndiyo yanatununulia dizeli."

"Akiondoka tutafanyaje?"

Mwanamvua akamfuta unga uliobaki sikioni. "Tutakunywa uji," akasema.

Kulipopambazuka Singano alikuwa amesimama mlangoni, na Mbelwa naye alikuwa amefika.

"Kaka Mbelwa, leo nakuomba uwe wa mwisho."

Mbelwa akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, uso ukabadilika. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Pilipili yako ina nguvu. Ikishapita, hakuna kinachoweza kuifuata bila kuumia. Kuna mtoto ng'ambo ya mto ulimi umemuungua kwa sababu hiyo. Usiamke tena na giza. Njoo adhuhuri, utakuta uwanja mweupe na mashine inakungoja wewe."

"Mimi ni wa kwanza hapa tangu enzi za marehemu baba yako," Mbelwa akasema. Sauti yake, ajabu, ilikuwa ndogo. "Yeye asingenifanyia hivi."

Akayapakia magunia yake kwenye mkokoteni, akaondoka. Singano akamtazama hadi alipopotea kwenye kona, na moyo ulimwambia amwite, lakini mama mmoja alikuwa ameshafika na beseni la mchele.

Siku hiyo watu walinung'unika. Mwenye mahindi aliyefika kabla ya mwenye ulezi alisema mambo ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Lakini mashine ilinguruma bila kuzimwa, mchele ukafuatwa na ulezi, ulezi ukafuatwa na mahindi, na jua lilipofika utosini uwanja ulikuwa mtupu. Akina mama walisimama na unga wao kichwani wakitazamana. Mmoja akasema hajawahi kufika nyumbani na unga kabla ya watoto kurudi kutoka shule. Watu wa mlimani wakaja na binzari zao mchana, wakakuta hakuna wa kuwazuia. Singano alikula chakula cha mchana kikiwa cha moto, na hakikumpendeza, kwa sababu masikio yake yalikuwa njiani yakisikiliza mkokoteni.

Haukuja siku hiyo, wala zilizofuata. Dizeli ikaanza kupungua kwenye pipa. Wako waliosema, "Haki ya Singano imenunuliwa na kikongwe," naye akaendelea kusaga.

Kisha mchana mmoja, yeye na mkewe wakiwa wamekaa kwenye gunia tupu wakipunga upepo, wakasikia magurudumu. Mbelwa akaingia uwanjani, akatazama huku na huku, akaona kweli hakuna mtu.

"Karibu, kaka," Singano akasema, na kusimama.

"Kaa kwanza, nikwambie," Mbelwa akajibu. "Nilikwenda kwenye mashine ya njia panda, mbali na huku. Nikawahi, nikawa wa kwanza kama desturi yangu. Nyuma yangu akaja mama kijana, mtoto mgongoni, mchele kwenye beseni. Yule mtoto akawa ananitazama begani kwa mama yake. Nikakumbuka habari ya ulimi uliyonieleza. Nilikuwa nimekasirika siku ile, lakini nilisikia. Nikajua nikimwaga magunia yangu pale, huyu mama atashinda hapa hadi jioni, na huenda akapeleka moto nyumbani. Miaka yote hiyo sikujua, Singano. Aliye wa kwanza haoni kinachotokea nyuma yake."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia, 'Pita, mama.' Akaogopa, akadhani namdhihaki. Akaniuliza, 'Na pilipili yako, baba?' Nikamjibu, 'Tanguliza mchele, mama. Pilipili haina kinyongo.'" Mbelwa akacheka, kisha kicheko kikatulia. "Na jambo jingine. Leo nimekunywa chai na mke wangu. Tangu nimwoe nimekuwa nikitoka na giza. Kumbe akichemsha chai huwa anaimba. Nilikuwa sijui kama anaimba."

Singano akainuka. Akalibeba gunia la kwanza begani mwake mwenyewe, akalipeleka kwenye mashine.

Mbelwa alikuwa mtu wa safari na mdomo hakuwa nao mdogo, na kila alikopeleka pilipili alipeleka na habari hii. Ndivyo neno lilivyoshuka kutoka Kwemzigo likaenea. Kwenye shughuli, watoto wanapopakuliwa wali kabla ya wazee, utalisikia. Kwenye kivuko mnyonge akipishwa, utalisikia. Na wapo waliomuuliza Singano uzeeni mwake kama hakuona vibaya kuivunja sheria ya baba yake. Alikuwa akijibu, "Baba alitazama nani amefika. Alifanya vyema. Mimi natazama na nani ataumia akifuata."

Mwanaheri alinenepa, akakimbia, akakua. Wanasema akiwa msichana hakuna aliyekula pilipili kumshinda, na bibi yake alikuwa akimtazama akiitafuna mbichi, anacheka hadi machozi.

Basi sasa mnajua, wajukuu zangu. Aliye dhaifu hapunguzi kitu cha mwenye nguvu akitangulia mbele yake. Mwenye nguvu akitangulia, dhaifu ndiye anayelipa. Kwa hiyo siku mtakapokuwa ninyi ndio wa mlangoni, na mmewahi na magunia yenu, geukeni nyuma kidogo mtazame nani amesimama pale na beseni. Akiwepo, mpisheni, wala msione mmeibiwa.

Tanguliza mchele, pilipili haina kinyongo.